Baada ya Blanketi la Kwanza

Hukumu iliyotolewa na Mahakama Kuu mjini Johannesburg mwezi Novemba 2025 imeshangiliwa na wengi kana kwamba kesi ya wageni wa Afrika Kusini imekwisha. Mahakama ilikipiga marufuku kikundi cha Operation Dudula, kinachotaka wageni waondoke, kudai pasipoti na vitambulisho kwa watu, kuwazuia wagonjwa kwenye milango ya zahanati na watoto shuleni, na kuwatoa watu kwenye nyumba zao na vibanda vyao vya biashara. Dudula ni neno la Kizulu lenye maana ya kusukuma kitu mpaka kitoke, na tangu 2021 kikundi hicho kimelitendea haki jina lake. Hukumu ni nzuri, tena ilichelewa. Lakini anayeisoma kama jibu la watu waliokwisha kufukuzwa anaisoma vibaya. Amri ya mahakama inamkinga mtu asitolewe kesho. Yule aliyetolewa juzi, chumba chake kimeshapata mpangaji mwingine, mashine zake za kunyolea zinafanya kazi mikononi mwa mtu asiyemjua, na karatasi yake ya hifadhi imeungua pamoja na godoro. Huyo hukumu haimgusi.

Tangu 2008, kila vurugu dhidi ya wageni zinapozuka, msaada kwa watu wa namna hii umekuwa wa vitu viwili: hema na basi. Hema la kuwahifadhi kwenye kiwanja cha michezo, basi la kuwarudisha kwao. Vyote viwili vina kazi yake katika siku za mwanzo, na hakuna mwenye akili atakayemnyima blanketi mtu aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni. Kosa ni kudhani kwamba baada ya blanketi la kwanza kinachofuata ni blanketi la pili. Kinachomrudishia mtu maisha yake ni makaratasi, kodi ya chumba, na mazungumzo na mtaa uliomtoa, na vitu hivyo havina budi kuanza wiki ya kwanza, hema likiwa bado jipya. Vikianza siku hema linapong'olewa, vimekwisha kuchelewa.

Tuanze na historia, maana mambo yamejirudia kwa sura ileile. Mei 11, 2008 vurugu zilianza Alexandra, kaskazini mwa Johannesburg, zikasambaa mpaka Durban na Cape Town. Watu 62 waliuawa na zaidi ya 100,000 wakakimbia makwao. Walijazana kwanza kwenye vituo vya polisi, makanisa na kumbi za mitaa, kisha mamlaka zikawahamishia kwenye kambi za muda: Glenanda, Akasia na kwingineko mkoani Gauteng, na kwa upande wa Cape Town maeneo kama Soetwater, ufukweni kabisa mwa Atlantiki, katikati ya majira ya baridi na mvua za upepo. Mwaka 2009 ikawa zamu ya Wazimbabwe wa mashamba ya zabibu ya De Doorns, wapatao 3,000, ambao kambi yao kwenye kiwanja cha raga ilidumu karibu mwaka mzima. Aprili 2015 ikawa Durban: Isipingo, Umlazi, Chatsworth. Septemba 2019 Johannesburg tena. Leo vurugu haziji tu kwa wimbi la wiki mbili; zinakuja kidogokidogo, mlango kwa mlango, na ndiyo sababu wanaofukuzwa siku hizi hawaonekani kwenye picha za viwanja vilivyojaa mahema.

Chini ya mahema hayo hulala watu wa aina mbili ambao kwenye orodha huandikwa kwa neno moja, mgeni. Wa kwanza ni Mmalawi, Mmsumbiji au Mzimbabwe aliyekuja kutafuta kazi, ambaye kwao ni umaskini lakini kuna amani. Wa pili ni mkimbizi hasa: Msomali, Mrundi, Mkongo wa Kivu. Tofauti yao ilionekana wazi Chatsworth mwaka 2015. Malawi, Zimbabwe na Msumbiji zilileta mabasi, na kambi ikapungua. Waliobaki mwishoni, serikali ikitaka kufunga kambi ifikapo katikati ya mwaka, walikuwa kwa sehemu kubwa Warundi na Wakongo. Mrundi aliambiwa apande basi gani? Aprili 25 ya mwaka huohuo chama tawala cha Burundi kilimpitisha Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, Bujumbura ikawaka siku iliyofuata, na kufikia Mei 13 kulikuwa na jaribio la mapinduzi. Hali ya Mkongo sasa ni mbaya zaidi ya hapo. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Anayesema "warudi kwao" amweleze mtu wa Bukavu ashukie kituo gani.

Basi la kuwarudisha watu kwao, kwa hiyo, ni jibu sahihi kwa aina moja ya watu. Hata kwao ni jibu pungufu, maana wengi waliorudishwa walivuka tena mpaka baada ya miezi michache: madeni ya nyumbani hayakuondoka na watoto walihitaji ada. Lakini ni jibu. Asiye na hofu ya kuuawa kwao ana haki ya kusaidiwa kurudi akitaka, kwa hiari yake, akiwa na nauli ya kumfikisha mpaka kijijini. Basi likimtua mpakani na kumwacha hapo, halijamrudisha kwao.

Hema nalo lina hesabu yake, ambayo viongozi wengi huianza wakiwa wamekwisha kutangaza kiwanja. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani kote, vinataka kila mtu apate walau mita za mraba 3.5 za kulala chini ya paa, lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20 hali ikishatulia. Kwa watu 500 hiyo ni lita 7,500 za maji kila siku na vyoo 25. Eneo zima la kambi, pamoja na njia, mapengo ya kuzuia moto, jiko na mahali pa kufulia, huhesabiwa mita za mraba 45 kwa kila mtu, yaani 22,500 kwa watu hao 500. Kiwanja cha mpira cha kawaida kina takriban mita za mraba 7,000. Kwa maneno mengine, watu 500 wanahitaji zaidi ya viwanja vitatu, nao kwa kawaida hupewa kimoja. Ndipo yanapoanza yale ambayo baadaye huitwa ukorofi wa wakimbizi: familia mbili zinagawana hema kwa kanga, mafuta ya taa yanawashwa karibu na turubai, wanawake wanaogopa kwenda chooni usiku kwa sababu choo kiko upande wa pili wa uwanja na taa hakuna. Kambi ikiwa mbali na mjini, kinyozi hafiki kwa wateja wake, mlinda magari anapoteza nafasi yake maegeshoni, na mtoto anakosa shule katikati ya mwaka, maana kule mwaka wa masomo huanza Januari. Hema linalokusudiwa wiki mbili likidumu miezi miwili huwa limeshaua hata kile kidogo ambacho vurugu zilikiacha.

Wako wanaojibu kwamba dawa ni kuzifanya kambi za kudumu, na kwamba Afrika Kusini iige Afrika Mashariki. Sisi wa huku tunaijua hiyo hadithi. Dadaab ilianza 1991, Kakuma 1992, Nyarugusu ya Kigoma 1996, na zote bado zipo. Mkongo aliyezaliwa Nyarugusu leo ana watoto wake humohumo, na kutoka nje ya kambi ni mpaka kibali. Sheria ya Wakimbizi ya Afrika Kusini ya 1998 ilichagua njia nyingine: mkimbizi aishi mjini, afanye kazi, asomeshe, kama mtu yeyote. Ina upungufu mwingi katika utekelezaji, lakini kuibadilisha baada ya vurugu maana yake ni kuwakabidhi waliochoma nyumba ushindi wenye muhuri wa serikali. Walitaka wageni waondoke mtaani, na serikali ikamaliza kazi.

Ombi la kupelekwa nchi ya tatu ni zito zaidi kuliko hayo, na linastahili kupimwa kwa heshima. Oktoba 2019 mamia ya wakimbizi, wengi wao Wakongo na Warundi, walipiga kambi nje ya ofisi za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, mjini Cape Town na Pretoria. Dai lao lilikuwa moja: hatuko salama popote katika nchi hii, tutoeni. Polisi walipowatawanya Cape Town mwishoni mwa mwezi, waliingia kanisa la Methodist pale Greenmarket Square na kulala sakafuni na kwenye mabenchi mpaka Aprili 2020, korona ilipowahamishia kwenye mahema ya Bellville na Wingfield. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Wengine walikuwa wamefukuzwa mara mbili au tatu. Njia ndiyo haikuwepo. Duniani kote wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki asilimia moja ya wakimbizi, na huchaguliwa mtu mmojammoja kwa vigezo. Kundi halihamishwi kwa sababu limegoma pamoja. Tangu Januari 2025 mlango mkubwa kuliko yote, wa Marekani, umefungwa kwa karibu kila mkimbizi, isipokuwa makaburu kutoka Afrika Kusini hiyohiyo, ambao kundi lao la kwanza la watu 59 lilipokelewa Mei mwaka huo. Mkongo aliyelala kanisani miezi mitano alikuwa na kila sababu ya kucheka kwa uchungu. Tatizo jingine la kanisani halizungumzwi sana. Kadiri siku zilivyopita, orodha ya majina ya wanaosubiri kuondoka iligeuka kuwa mamlaka. Anayeishika orodha anawashika watu, na familia nyingi ziliogopa kukubali chumba au kurudisha mtoto shule zisije zikafutwa kwenye safari ambayo haikuwepo.

Basi kifanyike nini? Kwanza makaratasi, na kuna sababu ya kuyatanguliza mbele ya chumba. Sheria ya uhamiaji ya Afrika Kusini inamkataza mtu kumpangisha mgeni asiye na ruhusa ya kuwepo nchini, kwa hiyo mwenye nyumba mwoga, na wengi ni waoga, ataomba kuona kibali kabla ya kuona fedha. Mwomba hifadhi hushika kibali cha kifungu cha 22, na aliyekubaliwa hushika cha kifungu cha 24. Kwa wengi ni karatasi tu, yenye picha na namba ya faili, inayokunjwa mfukoni mpaka inachanika penye mikunjo. Ikiungua, hatua ya kwanza ni kituo cha polisi: kiapo cha maandishi kueleza ilivyopotea, pamoja na namba ya kesi ya uchomaji au wizi. Mambo huharibika hapahapa. Polisi walioelemewa huandika kiapo cha "kupoteza hati" bila kufungua kesi, na bila namba ya kesi hakuna mshtakiwa, hakuna fidia, wala ushahidi kwamba kilichotokea kilitokea. Anayesaidia awe na mtu mmoja mwenye kazi ya kukaa kaunta ya polisi, kutafsiri, na kutoondoka mpaka namba itolewe. Hatua ya pili ni ofisi ya wakimbizi, na hapo namba ya faili ndiyo kila kitu. Aliyeituma picha ya kibali kwenye simu ya nduguye ana nafasi kubwa. Asiyeikumbuka atazungushwa wiki nyingi. Kibali kikiwa kimepitwa na tarehe, asikubali kuambiwa kesi yake imekufa, maana Desemba 2023 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vilivyomhesabu aliyechelewa kwa mwezi mmoja kuwa ameacha ombi lake. Hukumu hiyo ichapwe, ibebwe mkononi.

Siku ya kwanza yaandikwe pia majina ya dawa. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita, na mgonjwa aliyekimbia bila vidonge akiruka wiki kadhaa anaweza kupata ugonjwa usiosikia dawa zile. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI naye yuko palepale. Katiba, kifungu cha 27, inampa kila mtu haki ya kupata matibabu, na wajawazito na watoto chini ya miaka sita hawatozwi. Kadi ya kliniki imeungua, lakini faili liko kliniki. Ikiwa kliniki yenyewe iko mtaa uleule uliomfukuza, mtu mwingine aende kuomba barua ya uhamisho.

Chumba ndicho kinachofuata. Katikati ya Durban, pale Point au Albert Park, fleti moja huwa na mpangaji mkuu mmoja, na wengine humlipa yeye kwa chumba, kwa kona, au kwa nafasi iliyokatwa kwa pazia. Shirika likimlipa mwenye jengo, aliye nyuma ya pazia hana usalama wowote. Likimlipa mpangaji mkuu bila maandishi, mwezi ujao anampandishia. Kinachofaa ni makubaliano ya ukurasa mmoja kati ya watatu hao, risiti kila mwezi, na kodi isiyopungua miezi mitatu pamoja na amana. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu ndani ya mwezi mmoja mtu hajapata vifaa vya kazi, na akishindwa mwezi wa pili anarudi pale alipotolewa kabla pale hapajapoa. Vifaa viende sambamba na kodi: mashine ya kunyolea na kioo kwa kinyozi, cherehani kwa fundi, mzigo wa kwanza kwa muuzaji. Fedha zenyewe zina mtego. Benki hufunga akaunti ya mgeni kibali kinapoisha, kwa hiyo msaada unaotumwa benki unaweza kukaa mbele ya macho yake asiuguse. Njia ya fedha zinazotolewa kwenye mashine kwa namba ya simu na namba ya siri, bila kadi, huokoa wengi.

Kinacholeta ubishi ni kurudi mtaani. Baada ya 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand waligundua kwamba vurugu hazikulipuka zenyewe kama radi. Mahali pengi ziliandaliwa na viongozi na vikundi vya mitaa vilivyokuwa vikigombania madaraka na riziki. Lijue hilo kabla ya kuitisha mkutano wa maridhiano. Ukimwita mwenyekiti aliyeongoza msafara wa kuchoma ndiye awe mdhamini wa waliochomewa, umemkabidhi fisi bucha. Wanaofaa kuitwa mara nyingi si wenye vyeo: wenye nyumba waliopoteza kodi, akina mama waliokuwa wakikopa sukari kwa duka la Msomali, mchungaji, mwalimu mkuu. Watu warudi kwa kundi la kaya kadhaa, mchana, polisi wakiwa wameahidi doria za usiku kwa maandishi, na nyumba itangulie biashara. Mtaa ukikataa, usilazimishwe. Chumba kitafutwe kwingine na mazungumzo yaendelee.

Hoja yenye uzito dhidi ya haya yote ni ya jirani maskini. Anauliza kwa nini mgeni alipiwe kodi miezi mitatu wakati yeye anaishi kwenye bati bila choo. Hilo si chuki, ni swali, na limeshawahi kugeuka moto. Jibu lake si kuficha msaada. Bomba la maji lililowekwa kwa ajili ya waliorudi lichotewe na mtaa mzima, tena wakati wa mchana watu wakiona. Hoja dhaifu ni ile inayopendwa zaidi majukwaani: wageni wakiondoka, vurugu zitakwisha. Sensa ya 2022 ilihesabu waliozaliwa nje ya nchi kuwa kama milioni 2.4, chini ya asilimia nne ya watu wote. Hawatoshi kubeba lawama za ajira, umeme na zahanati za taifa zima. Na kati ya wale 62 waliouawa 2008, 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Wengine waliponzwa na lugha. Kundi lilimsimamisha mtu, likamwonyesha kiwiko cha mkono na kumtaka akitaje kwa Kizulu. Neno ni indololwane. Mshangani au Mvenda, Mwafrika Kusini mwenye kitambulisho cha nchi yake, aliyeliita kiwiko kwa lugha ya mama yake, alipigwa kama Mkongo.

Lugha inaleta madhara hata upande wa wanaosaidia. Julai 2008 wakazi wa kambi ya Glenanda waliletewa fomu ya usajili na kadi ya kukaa nchini kwa miezi sita. Mamia waligoma kusaini, wakihofu kwamba wanatia sahihi kupoteza hifadhi yao. Walipelekwa kituo cha kuzuia wahamiaji cha Lindela, kisha wakaachwa kando ya barabara kuu ya R28. Mwezi uliofuata Mahakama ya Katiba ilibidi iziagize pande husika zikae na kuzungumza kwa dhati. Mkalimani wa Kiswahili, Kilingala na Kisomali, na fomu iliyosomwa kwa sauti siku mbili kabla ya kusainiwa, vingegharimu kidogo kuliko hayo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Mrundi, Mkongo wa Kivu na Mtanzania kwenye foleni moja, na Waswahili walioko Durban na Cape Town ni watu wa kuitwa siku ya kwanza. Wasisubiriwe mpaka ugomvi uzuke.

Fomu ya mapokezi, ile inayojazwa usiku wa kwanza kwa tochi ya simu, kwa kawaida huuliza jina, nchi, idadi ya watoto. Iongezewe mistari mitano: namba ya faili la hifadhi, dawa unazotumia, shule ya mtoto, jina la uliyekuwa ukimlipa kodi, na nani analala chumbani kwako sasa. Huo wa mwisho wengi hujibu papo hapo. Wanamjua kwa jina.